Kengele Haimfikii Mwenye Simu

Basi la mwendokasi linaposhusha abiria jioni pale Magomeni Mapipa, Dar es Salaam, watu hawatoki kituoni mmojammoja. Wanatoka kwa mkupuo, wanakusanyika ukingoni, wanavuka njia ya magari kwenye zebra wakiwa macho kweli, kwa sababu bodaboda haisubiri mtu. Kisha mguu unakanyaga upande wa pili. Hapo mwili unajiambia hatari imekwisha: shingo inainama, mkono unaingia mfukoni au kwenye mkoba, kioo cha simu kinawaka. Na hapohapo, hatua moja mbele, ndipo inapopita njia ya baiskeli.

Tangu mwendokasi ianze kubeba abiria Mei 2016, sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na mjini ina nafasi ya baiskeli kandokando ya njia ya waenda kwa miguu. Ni afadhali kubwa kuliko kugombania lami na malori. Lakini hatari imebadilika sura. Zamani aliyekutisha alikuja nyuma yako, akiwa na injini. Siku hizi anakuja mbele yako polepole, hana kelele, wala hajui kama upo. Ukimgonga, wewe ndiye gari. Hilo ndilo jambo ambalo waendesha baiskeli wengi bado hatujalikubali: tumezoea kujiona wanyonge wa barabara, na mbele ya daladala ni kweli sisi ni wanyonge, ila mbele ya mama aliyebeba mtoto mgongoni huku anasoma ujumbe, sisi ndio chuma.

Wengi tunategemea kengele. Tuanze nayo basi, maana imani hiyo ndiyo inayotuponza.

Dar es Salaam kila biashara ya kutembeza ina mlio wake. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, anayepaka rangi za kucha anagonganisha vichupa, fundi viatu anagonga sanduku kwa brashi, muuza koni ana muziki wake unaojirudia. Sikio la mkazi wa jiji limejifunza kuipuuza milio hiyo yote isipokuwa ule anaouhitaji kwa wakati huo. Kengele ya baiskeli inaingia katika kapu hilohilo. Ongeza honi za bodaboda, ongeza konda anayeita abiria, ongeza hedfoni masikioni, na utaona kwamba mlio wako una nafasi ndogo sana ya kufika.

Kengele ina kazi yake, lakini umbali ndio unaoamua kama itasaidia au itadhuru. Ipige mara mbili, kwa ufupi, ukiwa mita 20 hivi kutoka kwa mtu. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, hapo anazo karibu sekunde 5 za kusikia, kuelewa na kuamua. Ukiipiga ukiwa mita 5, umempa sekunde moja na kidogo. Mtu aliyezama kwenye simu akishtuliwa kwa ghafla namna hiyo hafanyi jambo unaloweza kulikisia: anaganda, au anaruka upande wowote, na anaweza hata kuruka kuelekea mlio ulikotoka kwa sababu anageuka kuutazama. Kengele ya mita 5 ndiyo inayozaa ajali ambazo baadaye mwendesha baiskeli anasema, "Nilimpigia kabisa!"

Baada ya kengele, tazama mwili. Aliyesikia hubadilika, hata kama hakuinua macho: bega linasogea, hatua inafupika, mkono wenye simu unashuka kidogo. Usipoona badiliko lolote, hesabu kwamba hukupiga kengele. Usiipige mfululizo kama unayedai deni. Punguza mwendo, tumia sauti.

Sauti ya binadamu hupenya kuliko kengele, hasa ikibeba jina la heshima. "Samahani dada, napita." "Shikamoo mzee, napita hapa." "Mama, samahani, endelea hivyohivyo." Mtu akisikia dada au mzee anajua anaambiwa yeye. Ila kuna kosa moja ambalo hata wazoefu hulifanya: kutaja upande. Ukisema, "Nakupita kulia!" mtu ambaye akili yake iko kwenye simu huambulia neno la mwisho tu, kulia, naye anakwenda kulia, palepale unapokwenda wewe. Mwombe abaki alivyo. Upande utauchagua mwenyewe.

Kiswahili kina neno la kazi hii tangu zamani, simile, alilolitumia mwenye mzigo au mnyama kuomba njia katika vichochoro. Halikutaja kushoto wala kulia. Lilisema tu kwamba kuna mtu anakuja na anahitaji nafasi, na aliyelitamka alikuwa anakwenda kwa miguu, kwa hiyo hata asiposikika alikuwa na uwezo wa kusimama. Sisi tumeongeza magurudumu. Uwezo wa kusimama lazima tuutengeneze.

Mita ngapi hadi kusimama

Hesabu yenyewe si ngumu. Toka jicho lione hadi vidole vikaze breki, mtu wa kawaida aliye makini hutumia takriban sekunde moja. Kwa kilomita 12 kwa saa, sekunde hiyo inakula mita 3.3. Kwa 15 inakula mita 4.2, na kwa 20 inakula mita 5.6. Baada ya hapo ndipo breki zinaanza kazi. Kwa breki mbili nzuri kwenye lami kavu, jumla ya safari hadi kusimama kabisa ni kama mita 5 kwa mwendo wa 12, mita 7 kwa 15, na karibu mita 11 kwa 20. Breki zikiwa nusu ya ubora huo, na baiskeli nyingi za jijini ziko hapo, mwendo wa 20 unahitaji karibu mita 16.

Sasa mweke mtembeaji hapo. Kwa mwendo wa kawaida anakwenda mita moja na kidogo kwa sekunde. Maana yake, katika sekunde ileile unayoitumia kushtuka, yeye ametoka ukingoni na kuingia mbele ya gurudumu lako. Hakuna umahiri wa kuendesha unaoweza kuirudisha sekunde hiyo. Kwa hiyo kazi yote hufanywa kabla: penye watu wanaoweza kuingia njiani, mwendo uwe 12 au chini yake, vidole viwe tayari juu ya mikono ya breki, miguu imeacha kukanyaga pedali. Vidole vikiwa tayari pale, sehemu ya ile sekunde inaokolewa.

Huhitaji kifaa cha kupima kilomita. Mtu anayekimbia polepole kwa mazoezi anakwenda kama 8 hadi 10 kwa saa. Ukimpita kwa taabu, uko kwenye 12. Ukimwacha kama amesimama, umezidi.

Breki, kabla ya adabu

Adabu ya barabarani bila breki haina maana, na hapa ndipo pa kukaa kwa muda, maana ndipo pabovu zaidi.

Baiskeli kubwa nyeusi zinazobeba uchumi wa mitaa yetu, Phoenix na wenzake, nyingi zina breki za vyuma: ukivuta mkono, fimbo inanyanyua kipande chenye raba mbili zinazobana upande wa ndani wa rimu. Ni breki imara, haikatiki kama waya, na fundi yeyote chini ya mwembe anaijua. Udhaifu wake ni viungo. Kila kiungo cha fimbo kikilegea, mkono unakwenda mbali bila raba kugusa rimu. Vuta mkono wa breki hadi mwisho: ukigusa usukani, breki hiyo haipo, hata kama baiskeli inapungua mwendo kidogo. Lazima pabaki nafasi ya vidole viwili kati ya mkono na usukani wakati breki imebana kabisa.

Raba ikae milimita 2 hadi 3 kutoka kwenye rimu. Ikikaa karibu zaidi inakwaruza, hasa rimu ikiwa imepinda. Ikikaa mbali zaidi unapoteza muda. Mifereji ya raba ikifutika, badilisha. Kitu cha kuepuka ni raba ngumu iliyokatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Ni bure au karibu na bure, inadumu miaka, na inadumu hivyo kwa sababu haishiki: inateleza kwenye chuma badala ya kuling'ang'ania.

Halafu mafuta. Mnyororo ukisafishwa kwa mafuta ya taa na kupakwa oili, matone hurukia rimu ya nyuma. Tone moja linatosha kusambaa rimu nzima baada ya mizunguko michache, na raba inalinywa. Futa rimu kwa kitambaa na maji ya sabuni, kausha, kisha kwangua uso wa raba kwa msasa hadi weusi unaong'aa uondoke.

Jipime asubuhi kabla ya kutoka, dakika moja tu. Isukume baiskeli kwa mwendo wa kutembea, kaza breki ya mbele peke yake: gurudumu la nyuma linyanyuke au litake kunyanyuka. Rudia kwa ya nyuma: gurudumu liburuzwe bila kuzunguka. Isipofanya hivyo, twende kwa fundi kwanza. Kuna vijana wanaoendesha bila breki kabisa na kusimama kwa kukanyaga tairi la nyuma kwa ndala. Mguu mmoja umetoka kwenye pedali, mwili umepinda, na nguvu inayopatikana ni ya soli ya mpira dhidi ya tairi lenye vumbi. Kwenye mteremko wa kushukia Jangwani huko ni kucheza na maisha ya mtu mwingine.

Mvua ikinyesha, rimu ya chuma ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya breki, na mizunguko ya kwanza ya gurudumu hutumika kupangusa maji tu. Anza kugusa breki mapema, kwa wepesi, ili rimu ikauke kabla hujaihitaji. Na siku ya mvua ndiyo siku ambayo mtembeaji ameinamisha mwavuli upande wa upepo, au amejifunika mfuko kichwani, anakimbilia kibanda bila kutazama. Simu haihitajiki ili mtu asikuone.

Wenye mizigo wana hesabu yao. Baiskeli na mwendeshaji pamoja ni kama kilo 90. Pakia madumu manne ya lita 20, umeongeza kilo 80, na breki ni zilezile. Umbali wa breki zenyewe, bila ile sekunde ya kushtuka, unakaribia kuwa maradufu. Dumu lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu maji yanakimbilia mbele unapofunga breki na kuyumbisha usukani. Jaza hadi shingoni au acha tupu. Mzigo ukiwa kwenye keria, uzito uko nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma inashika vizuri kuliko ilivyo kwa baiskeli tupu, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi na rahisi kuteleza. Baiskeli tupu ni kinyume: ukifunga breki uzito unakwenda mbele, na breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Na usisahau upana. Madumu ya pembeni yanachomoza kuliko usukani. Unaweza kumkwepa mtu kwa usukani ukamgonga kiuno kwa dumu.

Kusoma miguu

Macho ya mtu wa simu hayakwambii kitu. Soma miguu na mabega. Anayeandika ujumbe hutembea polepole, mstari wake unapinda bila yeye kujua, na ghafla husimama kabisa, kwa sababu neno limekataa au jibu limeingia. Usimfuate kwa karibu. Anayezungumza kwa simu ni mwingine: anainua uso, anaonekana kama anakuona, ila macho yako kwa yule anayeongea naye. Huyu hupenda kuzunguka mahali pamoja na kurudi kinyumenyume. Anayetuma pesa amesimama, anaonekana salama, lakini akimaliza huondoka mara moja bila kutazama, maana akili yake inaanza safari kabla ya macho. Aliyebeba ndoo au beseni kichwani hawezi kugeuza shingo hata akitaka. Na anayekimbilia daladala hana simu wala hedfoni, lakini kwake dunia nzima ni ule mlango unaoondoka.

Mtu akikatisha njia, pita nyuma yake. Elekeza gurudumu pale alipotoka, kwa sababu kila sekunde anapaacha mbali zaidi. Wengi huharakisha wawahi kupita mbele, na hapo wanakuwa wamemtegemea mtu asiyewaona aendelee kwa mwendo uleule. Kupita nyuma nako kuna sharti: akishtuka huweza kurudi hatua moja. Kwa hiyo acha mita nzima kati ya ncha ya usukani, au ya mzigo, na bega lake. Mita isipopatikana, mwendo ushuke hadi wa kutembea, kilomita 5 au 6 kwa saa, ambapo unaweza kuweka mguu chini kwa sekunde hiyohiyo.

Mkikutana uso kwa uso na kuanza ule mchezo wa wote kwenda kushoto, wote kwenda kulia, wewe simama. Mguu chini, mwoneshe kwa mkono apite. Yeye hajui baiskeli inahitaji nafasi gani kugeuka. Wewe unajua.

Daladala ikisimama, mlango uko upande wa kushoto, upande wako. Abiria anashuka akimtazama konda, chenji au simu. Usipite katikati ya daladala iliyosimama na ukingo, hata kama nafasi inaonekana kubwa. Subiri nyuma yake hadi mlango uondoke. Kuipita upande wa kulia kunakuingiza kwenye magari, na mbele ya pua ya daladala kuna uwezekano wa mtu mwingine anayevuka, ambaye hakuoni wala humuoni.

Manzese, mchana wa biashara, njia ya baiskeli hujaa meza za nguo, bodaboda zilizoegeshwa, na watu ambao njia yao wenyewe imejaa bidhaa. Sioni haki ya kuwafokea. Wamesukumwa kutoka kwao, nao wakaingia kwetu. Shuka, kokota. Mita 100 kwa kutembea ni kama sekunde 70. Ukiendesha kwa kilomita 12 ni sekunde 30. Umepoteza sekunde 40, na hizo ungezipoteza pia kwa kuomba radhi na kuokota trei za mayai.

Ikishindikana

Kuna siku atatokea mita 3 mbele yako na hesabu yote itakuwa imepitwa. Funga breki zote mbili, sukuma makalio nyuma ya kiti, nyoosha mikono, na tazama nafasi iliyo wazi, usimtazame yeye, kwa kuwa baiskeli hufuata macho. Usikate kulia kuingia kwenye lami bila kujua kilicho nyuma. Kuanguka mbele ya gari ni kubaya kuliko kugonga kwa mwendo mdogo. Hata usipoweza kusimama, endelea kupunguza: ukigonga kwa kilomita 8 badala ya 15, nguvu ya pigo inakuwa chini ya theluthi ya ile ya kwanza. Kila nusu mita ya breki inamsaidia mtu huyo.

Kinachoumiza zaidi mara nyingi si baiskeli yenyewe, ni kuangukia ukingo wa zege kwa kichwa au nyonga, na mzee huvunjika kirahisi. Usimwinue kwa haraka, hata umati ukipiga kelele kwamba umsimamishe. Muulize jina, muulize anaumia wapi, zuia damu kwa kitambaa safi. Akiwa amegonga kichwa na akasema yuko sawa, bado apelekwe hospitali. Namba ya dharura ni 112, na polisi ndiko inakotolewa fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu ya ajali. Baki naye.

Jua na giza

Barabara ya Morogoro inaelekea magharibi, kwa hiyo anayerudi Kimara jioni ana jua machoni. Haoni vizuri walio mbele yake, hata wasio na simu anawaona kama vivuli. Asubuhi akiingia mjini ni vilevile. Vaa kofia yenye ukingo, punguza mwendo zaidi ya unavyodhani inatosha. Jua likiwa mgongoni kwako mambo yanageuka: wewe unaona kila kitu, na anayekuja mbele yako ndiye haoni.

Usiku, mtu aliyekuwa anatazama kioo chenye mwanga akiinua uso haoni kitu gizani kwa muda. Baiskeli nyeusi isiyo na taa kwake haipo. Lakini hapa kuna jambo lenye msaada mkubwa. Mtu anayesoma simu ameinamia chini, na pembeni ya kioo chake, kwa ukingo wa jicho, anaiona ardhi. Ukifunga tochi kwenye usukani ikiwa imenyooka mbele, mwanga unapita juu ya simu yake, na kama hakuinama unampofusha. Iinamishe hadi doa la mwanga liguse ardhi mita 5 hadi 8 mbele ya gurudumu. Doa hilo likitambaa na kupita kwenye viatu vyake, atainua kichwa, hata akiwa na hedfoni. Ifunge kwa vipande viwili vya mpira wa tyubu vilivyopishana, kimoja mbele ya usukani na kimoja nyuma, maana kimoja peke yake hulegea kwenye matuta na tochi kuangalia juu. Hakikisha doa liko mahali pake ukiwa umekaa kwenye kiti na mzigo uko kwenye keria, kwa sababu mzigo hushusha nyuma na kunyanyua mwanga.